Shingo ya Bata Mzinga na Rojo la Jirani



Mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, uko mashariki mwa Marekani, baina ya mito miwili, Delaware na Schuylkill. Ulianzishwa mwaka 1682 na William Penn, na jina lake kwa Kiyunani lina maana ya upendo wa ndugu. Mwezi wa Novemba ukielekea mwisho, majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na ya kutu, kisha hupukutika na kutanda njiani, na jua hutua mapema hata Magharibi ikaadhiniwa kabla ya saa kumi na moja. Upande wa magharibi wa mji, ng'ambo ya mto Schuylkill, nyumba za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta kama zilivyoshikana nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa. Kila nyumba ina ukumbi mdogo wa mbele ulioezekwa, na hiyo ndiyo baraza yao. Wakati wa joto watu hukaa hapo wakazungumza, lakini majira ya baridi baraza zote huwa tupu na milango hufungwa.

Tulikwenda huko wanawake watatu wa nyumba moja, mama, mama mdogo na shangazi, kwa safari ambayo kila familia ya pwani huielewa bila ya kuelezwa. Binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, nasi tulikwenda kumkalia arubaini yake. Tulibeba pilipili manga, samli, bizari na kanga za kumfunga tumbo. Mume wake ni kijana mwema, lakini kazi yake ni ya zamu za usiku. Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za wiki ya kwanza ya Disemba, kabla ya arubaini kutimia, na kila siku iliyopita ilituongezea swali moja: tukishaondoka, ni nani atakayeingia kwa mtoto wetu asubuhi na kumuuliza ameamkaje?

Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa bibi mmoja wa Kiislamu, Mmarekani mweusi, mjane mwenye wajukuu wengi. Wazazi wake walihamia Philadelphia kutoka South Carolina, na baba yake aliingia katika Uislamu kabla ya yeye kuzaliwa. Siku ya pili baada ya kufika kwetu alibisha mlango, akatoa salamu, akaweka juu ya meza sufuria iliyofungwa kwa taulo. Ndani yake mlikuwa na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia na vipande vya nyama vilivyopinda pinda, vyenye mifupa mingi. Tulipouliza ni nyama gani, alitujibu kuwa ni shingo za bata mzinga, na kwamba kwao mzazi hupewa mchuzi wa mifupa. Tulitazamana, kwani nasi ndivyo tufanyavyo.

Kabla hajatoka alitualika chakula cha Alhamisi ya nne ya mwezi, siku ambayo Wamarekani huiita Siku ya Shukrani.

Siku hiyo yafaa ielezwe, kwa sababu wengi wetu huiona katika filamu tu. Wamarekani husimulia kwamba asili yake ni karamu ya mavuno ya mwaka 1621 huko Plymouth, baina ya Waingereza waliokuwa wamewasili kwa merikebu na wenyeji wa nchi, watu wa Wampanoag. Habari zilizoandikwa wakati ule zasema kwamba wenyeji wapatao 90 walihudhuria, na kwamba walileta kulungu watano. Lakini yaliyofuata yalikuwa vita na kunyang'anywa ardhi, na ndiyo maana tangu mwaka 1970 wazawa wa nchi na wenzao hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza. Siku moja kwa wengine ni furaha na kwa wengine ni matanga, na mgeni yampasa ayajue yote mawili kabla hajaketi mezani.

Kuifanya siku hii kuwa sikukuu ya taifa zima kulitokana kwa sehemu kubwa na mwanamke aliyekuwa mhariri wa gazeti la wanawake, na kazi yake aliifanyia katika mji huo huo wa Philadelphia. Jina lake ni Sarah Josepha Hale. Alifiwa na mumewe mwaka 1822, akabaki na watoto watano, akavaa nguo nyeusi maisha yake yote. Aliishika kalamu ili awalee watoto wake, akawa mhariri wa Godey's Lady's Book, na kwa miaka mingi akawaandikia magavana na marais akiomba siku moja ya shukrani kwa nchi nzima. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alimwandikia Rais Abraham Lincoln, na siku chache baadaye Lincoln akatoa tangazo. Mwaka 1941 Bunge la nchi hiyo likaiweka rasmi Alhamisi ya nne ya Novemba. Bata mzinga wa kuokwa alikuwa ameshapewa nafasi ya heshima mezani katika riwaya ya Bi Hale iliyotoka mwaka 1827.

Mwaliko ule ulizua mjadala nyumbani. Mmoja wetu alisema kwamba sisi tuna Idi zetu mbili na hatuna haja ya ya tatu. Mwengine akasema kwamba mwenye kualika ni Mwislamu, chakula ni halali, wala hapana ibada ya dini nyingine itakayofanywa, bali ni siku ya mapumziko ambapo watu wote wako nyumbani. Wanavyuoni hawakuliangalia jambo hili kwa jicho moja, na kila familia na imuulize sheikh wake. Sisi tuliliamua kwa haki ya jirani. Mtu aliyemletea mtoto wetu mchuzi akiwa mzazi, kisha akatualika, hakustahiki kukataliwa. Tuliweka sharti moja tu, kwamba hatutakwenda kukaa kama wageni, bali tutaingia jikoni.

Sharti hilo lilimfurahisha sana yule bibi. Jumatatu alituchukua hadi duka la ndege walio hai. Humo kuku, bata na bata mizinga hukaa katika vitundu, mteja akachagua wake, na mchinjaji Mwislamu akamchinja papo hapo kwa Bismillahi. Tulichagua mmoja ambaye baada ya kusafishwa alikuwa na kilo saba. Kwa kuwa bata mmoja ana shingo moja tu, na watu walitarajiwa kuwa kumi na wanane, tukapita kwa muuza nyama halali tukanunua na shingo sita zaidi. Bei yake ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na vidari na mapaja. Bibi alisema kwamba tangu utotoni mwake shingo ni nyama ya mwenye kuhesabu senti.

Hapo ndipo alipotusimulia kisa cha nyama hiyo. Kuanzia miaka ya 1910 hadi karibu na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama majimbo ya kusini, wakikimbia ubaguzi na ufukara, wakaelekea katika miji ya kaskazini na ya magharibi kutafuta kazi. Walikuja na mapishi yao. Katika mapishi hayo, mboga za majani, ambazo ni jamaa moja na sukuma wiki yetu, hupikwa kwa muda mrefu pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Waliosilimu miongoni mwao waliiacha nyama hiyo, wakaweka badala yake shingo na mabawa ya bata mzinga yaliyokaushwa kwa moshi. Harufu ya moshi ikabaki, utamu ukabaki, haramu ikaondoka. Bibi alisema kwamba mama yake alipobadilisha dini hakubadilisha sufuria, ila alibadilisha kilichomo ndani yake.

Jumatano, baada ya sala ya Adhuhuri, tuliingia jikoni kwake. Ndege anunuliwaye dukani akiwa amefungwa tayari huwa na siri ndani ya tumbo: shingo yake, na kifuko chenye moyo, firigisi na ini. Wengi wasiojua humtia bata katika oveni pamoja na kifuko hicho, au hukitoa wakakitupa. Bibi alivipanga vyote juu ya sahani kama avipangavyo sonara vidani vyake. Alitueleza kwamba shingo ndiyo roho ya rojo, kwa sababu haikukaa bure hata siku moja. Ndege huiinua, huipinda na kuirefusha tangu asubuhi hadi jioni, na kiungo kifanyacho kazi huwa kigumu lakini kina ladha. Tena imejaa mifupa midogo midogo, gegedu na mishipa, ambavyo vikipikwa polepole hutoa ute, na ute huo ndio unaoufanya mchuzi ushike na kung'aa.

Tulikata kila shingo vipande vitatu, tukazikausha kwa kitambaa na kuzinyunyizia chumvi kidogo na pilipili manga. Tulizikaanga kwa mafuta machache katika sufuria nzito mpaka zikawa kahawia pande zote, na jambo hili halitaki haraka, kwani rangi ya rojo huanzia hapo. Moyo na firigisi vikaingia. Ini likawekwa kando, kwa sababu likichemka muda mrefu huufanya mchuzi kuwa mchungu. Tuliongeza vitunguu maji viwili vilivyokatwa bila ya kumenywa, kwani ganda lake huongeza rangi, karoti mbili, selari, chembe tatu za thomu na punje kumi za pilipili manga. Tukamimina lita tatu za maji. Povu lilipopanda tukaliondoa kwa upawa, kisha moto ukapunguzwa mpaka uso wa maji ukawa watikisika tu, na sufuria ikaachwa hivyo kwa muda wa saa tatu.

Katika saa tatu hizo nyumba nzima ilinukia. Wajukuu waliingia mmoja mmoja wakichungulia. Sisi tulimenya viazi vitamu huku tukielezana namna ya kumlea mzazi. Tulimfundisha bibi uji wa pilipili manga, akauandika katika daftari lake, naye akatwambia kuwa mama yake alikuwa akimkanda mzazi kwa maji ya moto kama sisi. Binti yetu alikuwa amejilaza katika kochi la chumba cha pili, mtoto kifuani, akisikiliza. Tangu tufike hatukuwa tumemwona usoni ana utulivu ule.

Mchuzi ulipoiva tuliuchuja, tukapata lita mbili na zaidi. Nyama ya shingo ilichambuliwa ikingali na uvuguvugu, kwa vidole, kwa sababu kisu hakifiki baina ya mifupa ile. Kazi hii ni ya subira, na hapo ndipo ilipo nyama nyingi kuliko mtu adhaniavyo. Firigisi na moyo vilikatwa vidogo vidogo. Mchuzi uliwekwa katika friji usiku kucha, na asubuhi ulikuwa umeganda kama faluda. Bibi aliutikisa akatabasamu, kwani mchuzi ulioganda ni alama kwamba mifupa imetoa kila ilichokuwa nacho.

Alhamisi asubuhi bata aliingia katika oveni. Alipakwa siagi na viungo, akaokwa mpaka kipimo cha joto kilichodungwa katika sehemu nene ya paja kikaonyesha nyuzi 74 za Selsiasi, ambacho ndicho kiwango cha usalama kwa nyama ya ndege. Mwenye kununua wa barafu ajue kwamba bata wa kilo sita huhitaji siku tatu nzima ndani ya friji ili ayayuke vizuri, wala asiachwe mezani usiku kucha.

Bata alipotolewa na kuachwa apumzike, rojo likaanza. Mafuta na maji ya nyama yaliyobaki katika sinia ya kuokea yalimiminwa katika bakuli refu, mafuta yakaelea juu, tukayaengua. Kwa kila lita moja ya mchuzi tulipima vijiko 6 vya mezani vya mafuta na vijiko 6 vya unga wa ngano. Mafuta yalipashwa moto, unga ukaingia, na mwiko haukusimama mpaka unga ukageuka rangi ya korosho iliyokaangwa na harufu ya ubichi ikaondoka. Kisha mchuzi ukamiminwa upawa kwa upawa, huku tukikoroga, ili usifanye madonge. Maji yaliyobaki chini ya mafuta yakaongezwa, rojo likachemka polepole kwa dakika kumi, na mwisho nyama ya shingo na firigisi zikarudi ndani. Chumvi hutiwa mwisho kabisa, kwa kuwa maji ya nyama ya kuokwa huwa na chumvi yake.

Wako wanaonunua unga wa rojo wa pakiti au rojo la chupa. Kwa Mwislamu hapo pana tahadhari, kwani mafuta na supu zilizomo hutokana na nyama ambayo uchinjaji wake haujulikani. Vilevile anayealikwa katika nyumba isiyokuwa ya Kiislamu na aulize kwa adabu mambo matatu: bata amechinjwa vipi, mboga za majani zimepikwa na nyama gani, na katika rojo au mkate unaojazwa tumboni mwa ndege je, mmetiwa mvinyo au soseji za nguruwe. Mwenyeji muungwana hachukizwi na swali la namna hiyo.

Tuliposwali Alasiri jamaa, meza ilitandikwa. Palikuwa na bata, viazi vitamu, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi, mboga za majani zilizopikwa na shingo za moshi, na biriani yetu sisi, ambayo ilikuwa ya kwanza kwisha. Wajukuu walilimwagia rojo wali wa biriani, jambo ambalo kwetu halijapata kuonekana, na mmoja wetu alipojaribu alinyamaza akaongeza. Jirani wawili wasiokuwa Waislamu walikuja na matunda na vinywaji. Bibi alimwomba mjukuu wake mkubwa asome dua, kisha kila mtu akataja jambo moja analomshukuria Mungu.

Katika nyumba za aina hiyo, bibi alitwambia, shingo ya bata mwenyewe, ile moja iliyotoka tumboni, haifiki mezani. Ni haki ya mpishi, naye huila akiwa amesimama jikoni kabla watu hawajaketi. Yeye alikuwa ameila tangu alipofariki mama yake. Mwaka huo hakuila. Aliiweka katika sahani ndogo, akaimwagia rojo, akapita na sahani ile mbele ya watu wazima wote, akaiweka mbele ya binti yetu. Akamwambia, "Kula, mwanangu. Mama zako wataondoka, mimi niko nyumba ya tatu."

Hatukujibu neno, kwa sababu hapakuwa na la kujibu. Kabla ya usiku kuingia wanawake wa meza ile walikuwa wamegawana siku: bibi Jumatatu na Alhamisi, binti yake Jumanne, mwanamke mmoja wa msikitini Jumamosi. Jirani asiyekuwa Mwislamu alichukua Jumatano, akauliza mzazi wa Kiislamu haruhusiwi kula nini. Tuliandika majina na siku katika karatasi, tukaibandika mlangoni mwa friji ya binti yetu. Wiki iliyofuata tulipanda ndege. Tulilia uwanjani kama waliavyo watu, lakini lile swali letu la kila siku lilikuwa limepata jibu.

Sote tunajua wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa sahaba wake Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke jirani zake. Tulikuwa tumeusikia wasia huo tangu chuoni, na katika jiko lile tuliuona ukitendwa na mtu aliyezaliwa mbali na kwetu, kwa nyama ambayo wengine huitupa. Kidari cha bata kina mwisho. Ukikigawa vipande kumi na wanane hakifiki cha kumi na tisa. Shingo, maji na unga humfikia hata asiyetarajiwa.

Bata mzinga si wa kila siku kwetu, na haina haja ya kumtafuta. Shingo za kuku zapatikana Marikiti na Kongowea kwa bei nafuu, na njia ni ile ile. Chukua shingo kumi na mbili, uzikaange mpaka ziwe kahawia, uzitie maji lita mbili na kitunguu na thomu, uziache kwa moto mdogo saa moja na nusu, kisha uchuje na ulifanye rojo kwa samli na unga. Ukipenda, mwisho kamua ndimu. Litafaa kwa wali mweupe, kwa mkate wa mofa na kwa viazi. Na ikiwa mtaani mwako yuko mzazi aliye mbali na kwao, mke wa mgeni aliyehamishwa kikazi au binti asiyekuwa na mama, bakuli la kwanza mpelekee yeye lingali moto, ukamuulize ameamkaje.